Nakijwa na Faini Isiyokuja

Nakijwa alimfunga jogoo kwenye mguu wa banda siku ya Jumatano, na mpaka Jumapili watu wanatoka kanisani hakuna aliyekuja kumchukua. Hapo akajua kuna jambo.

Jogoo mwenyewe alikuwa wa faini. Huku kwetu, juu ya Suji, nyumba isiyopeleka mtu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya mfereji, hulipa. Kabla ya mvua za vuli kila nyumba hutoa mtu mmoja, watu wanashuka kwenye ndiva, lile bwawa letu la udongo linalokinga maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe yaingie mferejini, na wanazoa tope kwa majembe na karai mpaka bwawa lipate tumbo tena. Kila nyumba ina kipande chake cha hatua nne. Usipotokea, wajumbe wa kamati wanakuja kwako na kuondoka na jogoo. Usipotokea mara tatu, tawi la mfereji linaloingia shambani kwako linazibwa kwa mawe, nawe utabaki kuyatazama mahindi yako yakijikunja. Siku hizi katibu hutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, halafu bado mtu anapuliza pembe, kwa sababu simu za huku milimani nusu yake hazina chaji.

Faini haipendwi na mtu. Lakini Mpare anayestahili faini na asitozwe, jamani, huyo usingizi wake umekwisha. Atajiuliza ni nani amemlipia, na huyo aliyelipa anataka nini. Sisi ndio wale wanaosemwa kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na wanaosema hivyo hawajakosea sana.

Nakijwa alikuwa muuguzi mstaafu. Miaka thelathini na mitatu alisimama kwenye sakafu za wodi kule Tanga, na sakafu zikamlipa goti bovu la kulia. Aliporudi nyumbani alijenga nyumba ambayo watu wa kilima bado wanaitolea mfano: vigae sakafuni, sola juu ya bati, tangi la maji la lita elfu tano, vyumba vitano. Pensheni yake iliingia kila mwezi bila kuchelewa. Akina mama wa usharika wakija kumwona walikaa kwenye makochi yake kwa ncha, wakaangalia juu, wakaangalia chini, wakasema: Mungu akupe nini tena, dada? Naye aliwajibu kwa tabasamu, na wakishaondoka aliufunga mlango kwa nguvu, kwa sababu alijua vizuri sana ni nini ambacho Mungu hakumpa.

Penye miti hapana wajenzi. Vyumba vitano, mtu mmoja. Mume alikuwepo zamani, wakakaa miaka kumi na moja, mtoto hakuja, mume akaenda kutafuta watoto kwingine na akawapata watatu. Nakijwa hakulisemea jambo hilo. Lakini kila ulipofika wakati wa kuita majina, iwe kanisani, iwe kwenye mfereji, lilimchoma upya. Wanawake wa rika lake waliitwa Mama Anderson, Mama Blessing, Mama Eliamini. Yeye, na miaka yake sitini na mbili, aliitwa Nakijwa, vilevile kama alivyoitwa darasa la tatu.

Goti lilipogoma, mwaka juzi, alikwenda kwa katibu wa mfereji, Eliezeri, kumweleza kwamba hawezi tena kuingia topeni. Eliezeri akamjibu bila kufikiri, atume mtoto. Nakijwa akamtazama mpaka Eliezeri akaanza kujikuna shingo. Akamwambia atalipa faini, na akaondoka.

Mwaka huo faini haikuja. Alidhani ni heshima, muuguzi mstaafu bwana, na moyoni akafurahi kidogo. Mwaka wa pili haikuja tena, na furaha ikaendelea. Mwaka huu wa tatu ndipo akasikia kwamba mzee mmoja wa ng'ambo ya kijito, mwenye miaka themanini na macho yasiyoona vizuri, alitozwa jogoo mwaka jana bila huruma. Kumbe heshima hakuna. Basi kuna nini?

Ndiyo maana alimfunga yule jogoo, kama mtego. Na mtego haukunasa.

Usiku wa Jumapili alilipanga jambo lote kichwani. Kamati inamnyamazia makusudi. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya, wa tatu wanakuja na mawe kuziba tawi. Shamba likikauka watasema limetelekezwa. Na nani atafaidika? Mdogo wake, Paschal, mwenye duka pale Same mjini, ambaye hakuwahi kumsamehe baba yao kwa kumwandikia binti shamba la juu, lenye maji, mbele ya wazee na karatasi ikawekwa sahihi. Ahaa. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa, ila alikuwa bado hajajua nani amelipwa.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwa Eliezeri kudai atozwe faini yake. Mke wa Eliezeri alicheka mpaka akakaa chini. Eliezeri hakucheka. Alisema nyumba yake haidaiwi, maana ilihudhuria, miaka yote mitatu ilihudhuria. Akaingia ndani, akatoka na daftari la mfereji lililofungwa kwa mfuko wa nailoni, akalifungua magotini. Nakijwa akavaa miwani. Palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko wa Eliezeri unaolalia kushoto: *Nyumba ya Nakijwa. Amekuja mtoto. Yupo.* Mwaka jana hivyohivyo. Mwaka juzi hivyohivyo.

Nakijwa alisoma mara mbili. Akauliza mtoto gani, polepole, kama mtu anayeuliza nani amekufa.

Eliezeri akashangaa. Si ni Mwamvita, akasema. Alisema ni mtoto wako. Watu hupokea watoto wakubwa, sikuona ajabu. Nilidhani mmekubaliana.

Mwamvita alikuwa jirani yake wa chini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Makanya kule tambarare kwenye barabara kuu. Aliolewa na kijana wa kilimani anayechimba jasi huko Makanya na kupanda nyumbani Jumamosi tu. Alikuja na dini yake ya Kiislamu na kanga zake, na ukoo wa mumewe haukumpokea kwa mikono miwili. Mama mkwe alikuwa akimtumia ujumbe kupitia kwa watoto ilhali amesimama hatua tatu mbele yake. Mwamvita alikodi kipande cha shamba chini ya lile la Nakijwa, akapanda mchicha na nyanya. Alikuwa na watoto wawili. Nakijwa alimjua kwa mambo mawili: kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, akipita nje ya ua na ndoo yake, alisema shikamoo mama, naye Nakijwa akaitika marahaba bila kuinua kichwa. La pili ni lile tumbo la mimba ya mtoto wa pili. Siku alipoliona limechomoza chini ya kanga, Nakijwa alifunga dirisha, akaketi kitandani na kujisikia mbaya mchana kutwa.

Sasa huyo ndiye mtoto wa Nakijwa.

Msioijua mifereji yetu mtasema ana kosa gani mtu aliyekufanyia kazi bure. Bure! Kwetu jasho lina kumbukumbu. Mkono wa jirani haukubaliwi kwenye kipande cha mwenzake, lazima awe mke, mume au mtoto wa nyumba, kwa sababu zamani palikuwa na mtu aliyemzolea jirani yake tope kwa miaka tisa, halafu akasimama barazani akasema: mfereji huu nimeulisha mimi. Kesi ile ilikula ng'ombe wa pande zote mbili na wajukuu bado hawaamkiani. Tangu hapo ikawa sheria: aliyefanya kazi misimu mitatu kama mtoto wa nyumba, ni mtoto wa nyumba, na ana neno kwenye maji yake. Na penye maji, mjomba, ndipo penye shamba.

Misimu mitatu. Mwamvita alikuwa ameikamilisha Jumatano iliyopita, wakati jogoo yuko kwenye kamba.

Nakijwa alirudi nyumbani goti likimwaka moto na hakulisikia. Kikulacho ki nguoni mwako! Kila kitu sasa kilimjia na sura mpya. Ule mnavu anaoukuta mlangoni umefungwa kwa ugwe wa mgomba: ndio mwanzo, unamzoesha mtu mkono wako kwanza. Ile siku ua ulipoanguka kwa upepo, na kesho yake akakuta umesimamishwa: nani alimtuma? Alichukua kamba ya kuanikia nguo akaenda kupima mpaka, kutoka mkonge wa kwanza hadi wa mwisho. Mpaka ulikuwa palepale. Akapima mara ya pili, na ulipokataa kusogea akazidi kushuku, kwa sababu mwizi mwenye haraka huiba mara moja, bali mwenye akili huanza kwa kunyoosha ua.

Jumanne alipanda bodaboda ya asubuhi akashuka Same kutoa nakala ya karatasi ya baba. Mjini palikuwa na vumbi na jua la kupasua kichwa. Pale karibu na duka la Paschal kulikuwa na foleni ya ndoo kwenye kioski cha maji, imepinda hadi nyuma ya nyumba, na wifi yake alikuwa uani akiosha vyombo kwa maji yaliyokwisha kuoshea mboga, akiyaweka pembeni ya kudekia. Nakijwa aliyaona hayo yote na hayakumwingia. Alikuwa akitafuta dalili usoni kwa mdogo wake.

Paschal alimsikiliza hadi mwisho akiwa ameegemea mzani. Kisha akasema, dada, mimi hapa nikiumwa na kichwa namlipa mtu aniletee dawa. Wewe umepata mtu wa kukuzolea tope miaka mitatu hata hajakwambia, na umeshuka huku kumshitaki? Nakijwa akajibu kwamba ndivyo ambavyo angesema mtu aliyemtuma. Paschal akacheka, akamfungia sukari kilo moja. Njia nzima ya kupanda mlima Nakijwa aliufikiria ule ukarimu, maana Paschal hakuwahi kumpa mtu sukari bure.

Kamati ya mfereji iliketi Alhamisi mchana kwenye mawe ya juu ya ndiva: Lukasi mwenyekiti, Eliezeri na daftari lake, wajumbe wanne, na watu wengine ishirini waliosema wanapita tu. Nakijwa alisoma mashitaka yake akiwa amesimama, kwa sauti ya wodini. Kwamba mtu huyu amejiandikisha kuwa mtoto wake pasipo ruhusa. Kwamba amefanya kazi kwa siri ili ajipatie neno kwenye mfereji. Kwamba nia yake ni shamba. Akainua karatasi ya baba yake juu wote waione mihuri.

Mwamvita alikuwa amekaa chini, mtoto wake wa mwisho amelala mgongoni. Lukasi alipompa nafasi hakuinuka haraka. Alimhamishia mtoto begani, akasimama.

"Mwaka ule wa kwanza katibu aliita nyumba ya Nakijwa, pakawa kimya," alisema. "Nikajua faini itakwenda kwake, na mwaka wa tatu tawi litazibwa. Tawi lake ndilo linaloshuka kwangu. Maji yake yakifungwa, mchicha wangu umekufa na watoto wangu hawana madaftari ya shule. Kwa hiyo sitawadanganya kwamba ni huruma tupu. Nilizoa hatua zangu nne, nikazoa na zake nne. Katibu akaniuliza mimi ni nani kwake. Nikasema mtoto."

Lukasi akauliza kwa nini hakusema jirani.

"Jirani hamumkubali. Sheria ni yenu." Akamweka mtoto vizuri begani. "Halafu mimi kila siku namwamkia, ananiitikia. Hajawahi kuniacha bila kuniitikia, hata siku moja. Humu kilimani wamo wasioniitikia mpaka leo, na wengine wamekaa hapa. Shamba lake silitaki. Hilo la kukodi lenyewe linanitosha kwa kuchoka."

Mama mkwe wake, aliyekuwa akipita tu, alianza kutazama mlima wa pili.

Nakijwa hakuwa amesadiki. Kusema ni rahisi. Alimkazia macho yule mwanamke kuanzia juu mpaka chini akitafuta uongo ulipojificha, macho ya mtu aliyezoea wagonjwa wanaoficha walichokunywa. Ndipo yakaishia kwenye yule mtoto begani. Kichwa kimelegea, miguu inaning'inia. Mwaka mmoja na miezi kumi, alisema moyoni, kwa mazoea tu ya kazi. Mtoto wa Desemba. Na kazi ya ndiva ni Oktoba.

Akahesabu tena.

Mwaka ule wa kwanza, basi, Mwamvita alikuwa na mimba ya miezi saba. Hatua nane za tope. Kuinama, kujaza karai, kuinuka nalo, kupanda ukingo, kumwaga, kushuka tena. Angekuwa wodini Nakijwa angemgombeza mwanamke kama huyo hadi alie, na angemgombeza zaidi mwenye nyumba aliyemtuma. Tumbo lile alilolifungia dirisha, lile alilolionea wivu mchana kutwa, lilikuwa limeinama kwenye tope la nyumba yake, yeye amelala kwenye kochi na kuegesha goti juu ya mto, akisubiri faini.

Aliona aibu. Hakuna neno jingine la kuifunika. Alishika karatasi ya baba yake na hakujua aiweke wapi.

Lukasi hakuyajua yaliyokuwa yakipita kichwani mwake. Alikuwa mtu wa sheria. "Nakijwa, tujibu tukaendelee na shughuli," alisema. "Huyu ni mtoto wako au si mtoto wako? Ukisema si wako, amelidanganya daftari miaka mitatu, na maji yanayoshuka kwake tunayaziba msimu mzima. Ukisema ni wako, ana neno kwenye maji yako, wewe ukiwa hai na ukiwa umelala. Usije kesho na karatasi nyingine."

Watu waliokuwa wakipita tu walisogea. Nakijwa alijua anachoulizwa. Akisema hapana, shamba la baba yake liko salama mpaka mwisho wa dunia, na huyu mwanamke hana cha kuuza vuli yote. Akisema ndiyo, hawezi tena kumfungia maji. Na sauti yake ya zamani ikamnong'oneza: je, kama hata hili amelipanga? Je, kama alijua kwamba utahesabu miezi?

"Ni wangu," alisema.

Eliezeri akalamba kidole, akageuza ukurasa, akauliza basi aandike nini safari hii, maana hataki tena matatizo. Aandike nyumba ya Nakijwa na mwanawe?

"Futa hilo Nakijwa," akasema mwenye jina. "Andika nyumba ya Mama Mwamvita."

Mtu mmoja alicheka, akaona hakuna anayemfuata, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Nakijwa alimwangalia Mwamvita. Sijui alitegemea nini, labda hata machozi. Mwamvita alimfunga mtoto mgongoni vizuri, akakaza kanga, akaokota ndoo yake na kuondoka.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, Nakijwa alikuwa uani akijifanya anafagia. Ndoo ilipita nje ya ua. Shikamoo haikuja. Jumamosi haikuja. Jumapili haikuja, na mlangoni hapakuwa na mnavu.

Kwanza alikasirika. Ndiyo hayo, alijisemea, amekwisha kupata alichokitaka, sasa salamu za nini tena? Akaenda akapima mpaka upya. Lakini hasira ilikataa kukaa; alikumbuka kwamba ni yeye aliyemwita mwenzake mwizi mbele ya kilima kizima. Jumatatu aliamka kabla ya saa kumi na mbili na kujikuta amekaa kitandani anasikiliza nyayo. Ndipo alipoelewa kwamba si mara ya kwanza kusikiliza hivyo. Kwa miaka sita sikio lake lilikuwa likiingojea ile shikamoo kila siku kabla hajawasha jiko, na yeye akiihesabu kama jogoo kuwika. Alikuwa akimlilia Mungu kwamba hakuna kiumbe anayemwamkia asubuhi, na huku ameitika marahaba zaidi ya elfu mbili. Na mkubwa hatangulii kumwamkia mdogo, haijawahi kuwa na haitakuwa. Mila haikumwachia hata njia ya kuanza yeye.

Hamu yake haikuisha, tusidanganyane. Mtoto wa tumbo lake alimtaka hata siku hiyo, na akipita mbele ya vyumba vyake vitatu vilivyofungwa kwa kukosa wa kulala bado aliongeza hatua. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba kutazama kutwa alichonyimwa kulimfanya asikie alichopewa kama kelele za nje.

Jumatano pembe ikalia. Ilikuwa kazi ya pili, ya kusafisha mfereji wenyewe kuanzia ndiva hadi mashamba ya chini. Nakijwa alivaa buti za mpira, akachukua jembe la kuegemea, akamfungua jogoo akamkumbatia kwapani. Njia ya dakika kumi ilimchukua nusu saa. Alipofika, watu walikuwa wamekwisha kusimama kwenye ukingo, Mwamvita kati yao, uso ameugeuzia kwingine.

Alikwenda moja kwa moja kwa Eliezeri akamkabidhi jogoo.

Eliezeri akasema, lakini Mwalimu, samahani, Sista, lakini Mama, mbona huna faini?

"Ninayo," alisema Nakijwa, na sauti ya wodini ikafika mpaka kwa mtu wa mwisho. "Nimempeleka mtoto kuzoa tope ana mimba ya miezi saba. Mchukueni jogoo, na kama kuna faini kubwa zaidi ya hiyo mje nyumbani mniambie."

Hakuna aliyejua kama sheria hiyo ipo. Lukasi alifikiri sana, akasema ipo. Jogoo akafungwa kwenye mti.

Kisha Eliezeri akafungua daftari na kuanza kuita. Mama Anderson, yupo. Mama Blessing, yupo. Nyumba baada ya nyumba, watu wakiitika huku wanapandisha suruali na kukunja kanga.

"Mama Mwamvita."

Kimya. Nakijwa aligeuka kushoto, akageuka kulia, kuona ni nani huyo mvivu asiyeitika jina lake. Katibu akaita tena. Watu wakaanza kutazamana, na wengine kumtazama yeye, naye bado hakuelewa wanamtazamia nini.

"Yupo," alisema Mwamvita kutoka kule ukingoni, bila kugeuka. Akakita jembe lake topeni. "Ni huyo hapo. Goti linamsumbua, mwacheni akae kwenye jiwe, nitafanya mimi." Kisha akageuka, akamtazama, na baada ya muda akasema, kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama."

Nakijwa aliitika marahaba, safari hii ameinua kichwa. Alilisogelea jiwe aliloonyeshwa. Lakini kabla hajakaa aliligeuza kwa jembe, aone kwanza chini yake kuna nini.